Kipi Hakiharibiki

Bi Maureen ameweka kopo la biskuti juu ya meza yangu.
Ndani, pauni mia nne na themanini, noti zimekunjwa mara nne,
na swali moja: kipi hakiharibiki?
Mjukuu anatimiza miaka kumi na miwili Ijumaa.
Nje, soko la Wolverhampton linakunja maturubai;
mvua nyembamba, ya kuudhi tu, haina nia ya kunyesha.

Mwaka wa kumi na nne huu niko katika kibanda hiki,
kati ya muuza mapazia na muuza jibini.
Muuzaji angekujibu haraka, Bi Maureen.
Mimi ni fundi. Nakula kwa vinavyokufa.

Konsoli huja kwangu mara moja.
Miaka sita imekaa chini ya televisheni,
imemeza nywele za paka, imerushiwa soda,
imeguswa kwa kidole gumba ikaitika labeka.
Haikuuliza una kadi gani ya picha.
Haikudai dereva mpya saa tano za usiku,
dereva mwenyewe si wa basi.
Halafu Jumanne, mlio mmoja, taa nyekundu, kwisha.
Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Naigeuza: skrubu zake zina nyota, na katikati ya nyota kijiti,
kwa kuwa walioiunda hawakutaka tujue tumboni mna nini.
Dawa ya joto imekauka kama ukoko wa uji.
Na ubao ukishaungua,
kila ngazi aliyoipanda mtoto usiku kwa usiku
inabaki imefungiwa humo,
ufunguo umeungua pamoja na kufuli.

Kompyuta ya michezo, hiyo ni mgonjwa wa kliniki.
Ya kijana Delroy Bascombe naijua kikohozi chake:
Machi ilikuja na kumbukumbu iliyolegea,
Mei feni inakoroma,
Julai skrini ikageuka buluu katikati ya mechi
na Delroy akaapa ataitupa mferejini, na mimi nimfuate.
Tukabadilisha kidude kimoja. Pauni ishirini na tano.
Akaikumbatia, akapanda nayo tramu ya Bilston.
Imebaki nini cha ile aliyoiunda akiwa shule?
Boksi, na stika ya mbwamwitu iliyobanduka sikio.
Yeye anasema ni ile ile.
Simbishii.

Niliolewa na mtu wa aina ya konsoli.
Miaka kumi na mmoja Badi hakugomba, hakuumwa hata jino.
Wali ukiungua, alikula. Nikimwuliza, alisema salama.
Siku moja akafunga sanduku, akaacha funguo juu ya friji,
nami sikuwahi kuwa na bisibisi ya kumfungulia.
Dada yangu Zaituni, kule Slough, hulalamika kila Jumapili:
goti, mwenye nyumba, bei ya gesi, mkwe asiyesalimia.
Kila Jumapili yupo.

Sijui kwa nini nakwambia haya. Tulikuwa kwenye mashine.

Bi Maureen anafunika kopo, analifunua.
"Mtoto hana subira," anasema,
"na mimi sina macho ya kusoma maandishi madogo."

Basi konsoli, namwambia. Iliyotumika, usiogope mikwaruzo.
Iwekwe wazi, isisukumwe kabatini kama aibu,
ipulizwe vumbi kila shule zikifungwa.
Itabaki chenji. Kwa hiyo chenji —
nageuza risiti, nachora nyota yenye tundu katikati,
kando yake naandika namba nane —
mnunulie bisibisi hii.

"Ya kutengenezea ikiharibika?"

Hapana, Bi Maureen.
Mwambie aifungue ingali nzima.